Kwa nini mwanafunzi aliyeng'ara kwenye chumba cha stadi huganda akifika leba? Nadhani hatumfundishi kujiongoza

#1 Mwalimu wa Stadi

Habari zenu wakuu.

Ninafundisha uuguzi na ukunga katika chuo cha ngazi ya stashahada, na kwa miaka sita sasa chumba cha stadi, yaani cha mazoezi ya vitendo kwa wadoli, kiko chini yangu. Mwezi uliopita niliwafuata wanafunzi wangu leba. Miongoni mwao yumo mmoja wa mwaka wa tatu ambaye kwenye OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kituo kwa kituo, alimhudumia mdoli asiyepumua bila kuruka hatua hata moja, na ambaye wenzake humwita awasahihishe wanapofanya mazoezi jioni. Siku hiyo mtoto alizaliwa amelegea, hakulia. Mwanafunzi alikuwa hatua mbili kutoka kwenye meza ya mtoto, glavu zimo mikononi, ambu ya kumpulizia mtoto hewa iko mbele yake, kitambaa kikavu kipo. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. Zilipita sekunde chache tu, lakini anayefanya kazi hii anajua urefu wa sekunde hizo. Mkunga wa zamu akampita, akamkausha mtoto kwa nguvu, akamsugua mgongo, mtoto akalia. Jioni nilimwita kwa upole nikamuuliza kilichomshika, naye akanijibu sentensi moja ambayo haijanitoka kichwani: "Mwalimu, chuoni huwa unasema anza."

Hoja yangu ni kwamba mafunzo ya uigaji, haya ya kutumia mdoli, jinsi tunavyoyaendesha, yanamfundisha mwanafunzi mikono na kumwacha bila uwezo wa kujiongoza. Ninaposema kujiongoza sizungumzii cheo cha inchaji, msimamizi wa wodi. Nazungumzia lile alilolieleza msomi wa uongozi Charles Manz mwaka 1986, kwamba mtu anaweza kujiwekea lengo, kujichunguza anavyotenda, kupata msukumo kutoka ndani ya kazi yenyewe, na kuongoza mawazo yake mwenyewe hata maneno anayojiambia moyoni wakati wa shida. Mwanafunzi wangu alikuwa na ujuzi wote isipokuwa huo.

Swali langu kwenu: je, mazoezi ya mdoli yanajenga kujiongoza, au tunakuza utegemezi bila kujua? Nawasilisha.

#2 Sista wa Zamu ya Usiku

Asante kwa mada, Mwalimu, lakini sikubaliani na utambuzi wako wa ugonjwa.

Mwanafunzi huyo hakukosa kujiongoza. Alisoma mazingira na akayasoma vizuri. Mimi nikiwa mwanafunzi, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilianza kumsugua tumbo mama aliyekuwa anavuja damu baada ya kondo kutoka, kwa sababu mfuko wa uzazi ulikuwa laini na nilikuwa nimefundishwa hivyo. Sikuwa nimekosea hata kidogo. Nilifokewa mbele ya mama yule, mbele ya wenzangu na mbele ya daktari, nikaulizwa nani amenituma. Kwa miezi mitatu iliyofuata sikugusa kitu mpaka niambiwe, na ripoti yangu ya tabia ikaandikwa kuwa mimi ni mwanafunzi mtiifu sana. Msitafute kasoro kichwani mwa mwanafunzi wakati wodi yenyewe inampa adhabu kila anapojiongoza.

#3 Kijana wa Mwaka wa Tatu

Shikamooni walimu wangu wote humu.

Naomba niseme kwa upande wa wanafunzi. Darasa letu lina watu zaidi ya mia moja na wadoli wa kufufua watoto ni wawili. Katika kipindi kimoja watu watano au sita ndio wanaogusa, wengine tunatazama kwa nyuma na kuandika. Mimi binafsi, tangu nianze chuo, nimeishika ambu kwa vitendo mara nne. Anayeng'ara kwenye mtihani mara nyingi ni yule aliyekariri orodha ya hatua, na orodha inakaririka hata bila mdoli. Leba hakuna anayekuuliza hatua ya nne ni ipi.

#4 Mjukuu wa Nyasa

Ninafuatilia. Kwanza nina ombi dogo la lugha: nimeona mahali wanaandika "uongozi binafsi", na Mwalimu ameandika "kujiongoza". Nashauri tubaki na la Mwalimu. "Binafsi" masikioni mwetu ni shule binafsi na hospitali binafsi, kwa hiyo "uongozi binafsi" unasikika kama uongozi wa kulipia.

Pili, tusisahau kwamba mafunzo haya bado ni machanga. Mdoli wa mafunzo ya afya alianza mwaka 1960 kule Stavanger, Norway, pale mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, Asmund Laerdal, alipomtengeneza Resusci Anne kwa ajili ya kufundishia kumpulizia mtu pumzi mdomoni. Fani yenye umri huo haiwezi kulaumiwa kwa kila kitu.

#5 Mkunga Mstaafu

Mjukuu, kwa lugha uko sahihi, kwa historia umekosea karibu nusu karne. Wauguzi walikuwa na mdoli wao kabla ya huyo wa 1960. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, Connecticut, ilipokea mdoli wa ukubwa wa mtu mzima aliyetengenezwa na Martha Jenkins Chase, mama aliyekuwa na karakana ya wanasesere huko Rhode Island. Wanafunzi walimwita Bi Chase, na walijifunza kumgeuza, kumvika na kumhamisha kitandani kabla hawajamgusa mgonjwa. Muundo wake wa baadaye ulikuwa na sehemu ya kuchomea sindano mkononi.

Kwetu sisi sindano tulijifunzia kwenye chungwa. Kila mmoja alikuja na chungwa lake, na chungwa halikuwa na foleni. Kijana wa Mwaka wa Tatu amenigusa moyo aliposema mara nne. Mimi chungwa langu nililichoma mpaka likakosa maji.

#6 Tabibu wa Mwambao

Mama Mkunga, kwa heshima zote, tukihesabu ukunga tunarudi nyuma zaidi. Mwaka 1759 mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa alimpa idhini mkunga aitwaye Angélique du Coudray azunguke nchi nzima kufundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Alizunguka na kifaa alichokibuni mwenyewe, sehemu ya chini ya mwili wa mama iliyoshonwa kwa kitambaa na ngozi, pamoja na mtoto wa kitambaa, na kimoja kimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Rouen. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo hapakuwa na orodha ya kukariri. Walishika, wakakosea, wakashika tena.

Nimelileta hili kwa sababu linahusu hoja ya #3. Mwanamke aliyefundishwa hivyo alirudi kijijini kwake akawa peke yake. Hakuna mwalimu ambaye angemtazama.

#7 Msomaji wa Takwimu

Wakuu, jambo hili limepimwa hapahapa Tanzania, na ningependa tujadili tukiwa na matokeo mkononi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara, ilifundisha watumishi wake mwaka 2010 kwa siku moja kwa kutumia mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua, ule wenye "dakika ya dhahabu", yaani mtoto awe anapumua au anapuliziwa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa mdoli. Waliofaulu zoezi la kumfufua mtoto walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Lakini watafiti walikuwa na waangalizi leba waliorekodi kinachofanyika kwa watoto halisi, na huko hapakuwa na badiliko la maana. Mikono ilijifunza, wodi ikabaki ilivyokuwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Mwalimu wa Stadi, kisa chako ni kile cha Haydom kwa mtu mmoja. Sidhani kama tunahitaji nadharia ya Manz kukieleza.

#8 Sista wa Zamu ya Usiku

Kwa hiyo Haydom walishindwa, na hospitali ile ina usimamizi mzuri kuliko nyingi. Ndiyo hoja yangu hiyo.

#9 Msomaji wa Takwimu

Hapana Sista, hawakuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo muhimu zaidi. Baada ya kuona hayo waliweka mdoli leba kwenyewe na kufanya zoezi fupi la dakika tatu hadi tano, mara kwa mara, likiongozwa na watumishi wa palepale. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Jambo lililonishangaza ni kwamba watoto waliopuliziwa hewa kwa ambu walipungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, huku waliosuguliwa na kuchangamshwa mapema wakiongezeka. Walianza kuchukua hatua mapema, na mtoto anayesuguliwa kwa wakati mara nyingi hafiki kwenye ambu.

Kwa hiyo maelezo yangu ni kipimo na mahali. Dozi ndogo, mara nyingi, palepale kazini. Ukimfundisha mtu kuogelea mara moja kwa mwaka usimlaumu nafsi yake akizama.

#10 Mwalimu wa Stadi

Nashukuru sana, Msomaji. Lakini soma tena sentensi yako mwenyewe: zoezi "likiongozwa na watumishi wa palepale". Hapakuwa na mwalimu wa kutoka nje aliyesema anza. Mtu wa zamu alimchukua mdoli, akajipa zoezi, akajisahihisha na mwenzake. Wewe unaita hiyo dozi na mahali, mimi naona ni watu waliopewa nafasi ya kujiongoza. Takwimu zako haziwezi kututenganisha, kwa sababu mambo hayo mawili yaliingia leba kwa mlango mmoja.

#11 Mjukuu wa Nyasa

Leo nimesahihishwa na Mama Mkunga, kisha Tabibu akamsahihisha Mama Mkunga. Nashukuru wote wawili, na nimeandika kwenye daftari.

Ninauliza tu: hiyo sehemu ya pili ya Haydom imejaribiwa kwingine, au ni hospitali moja yenye bahati?

#12 Msomaji wa Takwimu

Imejaribiwa. Mpango wa Safer Births uliingia katika vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 yakihusu vizazi takriban 300,000. Vifo vya watoto, kwa maana ya wanaozaliwa wafu pamoja na wanaofariki mapema, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya akina mama vilishuka kwa kiasi kikubwa zaidi ya hapo. Lakini niwe mkweli: pamoja na mazoezi, vituo hivyo vilipata vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo ya mtoto, wasimamizi wa mazoezi ndani ya kila kituo, na utaratibu wa kutazama takwimu zao wenyewe. Ni kifurushi. Huwezi kusema ni mdoli peke yake.

#13 Nesi wa Bonde la Ufa

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma yote na naona tumeruka jambo la msingi kabisa.

Mwalimu amesema ambu ilikuwepo, kitambaa kilikuwepo, glavu zilikuwepo. Huo ni wadi wa bahati. Nilikofanya kazi mwanzoni, kituo kilikuwa na ambu moja na barakoa yake ilikuwa ya mtu mzima. Mara mbili nimejikuta nikiikunja barakoa hiyo ili ikae kwenye uso wa mtoto. Mtu akiganda katika hali hiyo mnasema hana uongozi wa nafsi yake? Anaganda kwa sababu kile alichofundishwa hakipo, na hakuna aliyewahi kumfundisha kufikiri kifaa kinapokosekana. Katika chumba cha mazoezi kila kitu kimepangwa mezani kwa mstari. Ningependa siku moja mwalimu afiche kipande kimoja.

#14 Dada wa Uguzi, Uingereza

Habari za huko nyumbani. Nilisomea Tanzania na sasa nafanya kazi Uingereza, ambako kabla ya kusajiliwa ilinibidi nifanye mtihani wa OSCE upya kama wauguzi wengi waliosomea nje.

Nizungumzie mtihani wenyewe, kwa sababu naona hakuna aliyeugusa. OSCE ilibuniwa na Ronald Harden huko Dundee, Uskoti, ikachapishwa mwaka 1975, na lengo lake lilikuwa jema: kila mtahiniwa apimwe kwa kazi ileile na kwa vigezo vilevile. Lakini tazameni mwili unajifunza nini. Unasimama nje ya mlango, unasoma karatasi, kengele inalia, unaingia. Kengele inalia tena, unaacha hata kama hujamaliza. Ukifanya hivyo miaka mitatu, kengele ndiyo inayokuambia mgonjwa ameanza kuumwa. Mwanafunzi wa Mwalimu alikuwa anasubiri kengele yake.

Huku wanaruhusu hadi saa 600 za mazoezi ya kuigiza kati ya saa 2,300 za vitendo anazotakiwa kuwa nazo mwanafunzi. Wanafunzi wa huku nao huganda, nimewaona, ila huganda kwa namna nyingine: wanazungumza sana, wanasema wanachokifikiria kwa sauti, lakini mkono hauendi.

#15 Tabibu wa Mwambao

Dada, hiyo ya kengele imenifungua macho. Nitaitafakari.

Kuhusu saa, nakumbuka kuna watu wanaonukuu utafiti mkubwa wa Marekani kuwa mazoezi ya mdoli yanaweza kuchukua nafasi ya nusu ya saa za wodini. Wapo wakuu wa vyuo wanaoupenda sana utafiti huo, kwa sababu wodi zimejaa wanafunzi na hakuna pa kuwapeleka.

#16 Msomaji wa Takwimu

Ni utafiti wa chombo kinachounganisha mabaraza ya uuguzi ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2014. Vyuo 10, wanafunzi 666 waliofika mwisho, makundi matatu: lililopata mazoezi ya kuigiza chini ya asilimia 10 ya saa za vitendo, la asilimia 25, na la asilimia 50. Mwisho wa masomo hapakuwa na tofauti ya maana kati yao, wala kwenye mtihani wa leseni. Lakini wanaounukuu huacha sharti: walimu wote walifundishwa rasmi kuendesha mazoezi na kuongoza mjadala wa baada ya zoezi, na vifaa vilitosha. Kuchukua ile asilimia 50 na kuipeleka kwenye chuo chenye wadoli wawili kwa wanafunzi mia moja ni kuwadanganya wanafunzi.

#17 Mkunga Mstaafu

Mjadala wa baada ya zoezi. Hapo ndipo nilipokuwa nangoja mfike.

Nilipokaribia kustaafu niliombwa nisaidie chuo fulani kuendesha mazoezi ya mama anayetokwa na damu. Mnawajua wale mama wa kuvaa, MamaNatalie: mwalimu anajifunga tumbo la bandia kwa mikanda, mtoto anatokea hapo, na ukifungua kifungo damu inamwagika mpaka lita moja na nusu. Unalia, unaita mama yako, unamshika mkunga mkono. Nilipenda sana kazi ile, maana kwa mara ya kwanza niliona leba kutoka upande wa kitanda. Lakini zoezi likiisha mwalimu aliyekuwa anaongoza alisimama na karatasi akasoma makosa: umesahau hiki, umechelewa kile, umeruka hiki. Dakika tano, wamekaa wameinamisha vichwa, kisha kundi linalofuata. Hakuna aliyewauliza walikuwa wanafikiri nini damu ilipoanza kutoka. Siku moja nilivunja utaratibu, nikiwa bado nimevaa tumbo langu, nikamuuliza binti mmoja: "Ulipoona damu, ulijiambia nini?" Akanyamaza sana, kisha akasema: "Nilijiambia, Mungu wangu, mtu mwingine aje." Darasa zima likaitikia kwamba na wao walijiambia hivyohivyo.

Mwalimu wa Stadi, ukitaka kujua mwanafunzi anajiongoza au hajiongozi, hapo ndipo pa kusikilizia. Sisi hatukufundishwa hayo majina ya Manz, ila tulijua kwamba mtu anajiambia neno fulani kabla mkono haujaenda.

#18 Kijana wa Mwaka wa Tatu

Bibi, nimesoma mara tatu. Ni kweli kabisa. Mimi hujiambia "usiharibu".

#19 Sauti ya Kanda ya Ziwa

Nimekuwa msomaji tu tangu mwanzo, ila Mama Mkunga amenitoa. Amesema alilia na kumwita mama yake. Kwa lugha gani?

Ninauliza kwa dhati. Chuoni kwetu mazoezi yote yalifanyika kwa Kiingereza. Tulimsalimia mdoli kwa Kiingereza, tukamweleza tunachotaka kumfanyia kwa Kiingereza, tukamwomba ridhaa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya mtihani. Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijijini, akina mama wengi wanazungumza Kisukuma, na wanaojua Kiswahili hukiacha uchungu unapokolea. Siku ya kwanza mama alinishika nguo akaniuliza kitu, na nilichokuwa nacho kichwani ni sentensi za mdoli. Mikono ilijua. Mdomo ndio ulioganda, na mdomo ukiganda mikono hufuata. Kwa hiyo kabla hamjamlaumu mwanafunzi wala inchaji, ulizeni kwanza zoezi lilifanyika kwa lugha gani.

#20 Nesi wa Bonde la Ufa

Sauti, hilo ni la kweli hata huku kwetu. Lakini katika kisa cha Mwalimu mtoto mchanga hakuuliza chochote. Lugha haiwezi kueleza zile sekunde.

#21 Sauti ya Kanda ya Ziwa

Inaeleza. Kumsugua mtoto kunaanza na kumwambia mtu aliye karibu, "Nisaidie kumshika, sasa hivi." Anayekosa maneno ya kuomba msaada hubaki kimya, na anayebaki kimya humtazama mkubwa.

#22 Msomaji wa Takwimu

Nirudi kwa Mwalimu kwa jambo moja la upimaji. Nimesoma makala kadhaa kuhusu kujiongoza kwa wanafunzi wa uuguzi, na nyingi zinatoka Korea Kusini, ambako wameliandikia sana jambo hili. Karibu zote hutumia dodoso: mwanafunzi anajaza mwenyewe jinsi anavyojiwekea malengo, anavyojizungumzia, na kadhalika. Dodoso maarufu la Houghton na Neck la mwaka 2002 lina maswali 35. Wenye alama kubwa za kujiongoza huwa pia na alama kubwa za kujiamini na za kuridhika na mazoezi. Lakini hayo yote ni mtu kujisema mwenyewe. Mwanafunzi wako angejaza dodoso hilo asubuhi ya siku ile, ninaamini angepata alama za juu.

Na tusichanganye kujiamini na kujiongoza. Kujiamini ni lile la mwanasaikolojia Bandura la mwaka 1977, imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo. Mwanafunzi wako aliamini anaweza. Hakuamini kwamba ni zamu yake.

#23 Sista wa Zamu ya Usiku

"Hakuamini kwamba ni zamu yake." Msomaji, hapo umekuja upande wangu bila kujua. Nani anayempa mtu zamu? Wodi.

#24 Mwalimu wa Stadi

Ndugu zangu, nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu, kisha nirudi na jambo la kueleza.

Niliacha kusema anza. Nilimwomba mwenzangu avae tumbo la MamaNatalie na aingie darasani katikati ya somo la dawa, akiwa ameshika mgongo na kulalamika, kwa Kiswahili, kama alivyotaka Sauti ya Kanda ya Ziwa. Kwenye kisanduku niliondoa barakoa ya ambu, kama alivyoomba Nesi wa Bonde la Ufa. Baada ya zoezi sikusoma makosa, niliwauliza walichojiambia. Kundi la kwanza lilikaa karibu dakika nzima likinitazama, na nilitazama dirishani mpaka shingo ikauma. Kundi la pili mmoja aliinuka mara moja, akaanza bila glavu. Kundi la tatu walianza kubishana nani ni mkubwa, hadi mtoto wa mpira akaangukia kwenye mto. Yule mwanafunzi wangu wa leba alikuwa kundi la nne. Alinyanyuka wa kwanza, akagawa kazi kwa majina, akaona barakoa haipo, akatuma mtu chumba cha pili, yeye akaendelea kukausha na kusugua. Alikuwa anatetemeka na sauti yake ilikuwa juu.

Sijui kama nimemfundisha kujiongoza, au kama amerudia tu zoezi mara nyingi, au kama alichokuwa anakosa ni ruhusa na mimi nimempa kwa kumgeuzia mgongo. Yeye mwenyewe nilipomuuliza alichojiambia, alisema hakujiambia kitu. Mama Mkunga atanisaidia kuelewa jibu hilo.

#25 Mkunga Mstaafu

Jibu hilo ni zuri, mwanangu. Ila aliyeanza bila glavu usimwache. Huyo naye amejiongoza.

#26 Msomaji wa Takwimu

Hongera kwa kujaribu. Hata hivyo, makundi manne kwa siku moja hayatoshi, na bado uko chuoni. Haydom walipata asilimia 74 wakiwa kwenye mdoli.

#27 Sista wa Zamu ya Usiku

Basi mleteni kwetu. Nimezungumza na inchaji wangu, amekubali meza iliyo karibu na sinki ikae mdoli kila siku. Mimi niko zamu Jumanne. Saa nane mchana, wakati zamu zinapobadilishana, watumishi wetu na wanafunzi wenu wafanye pamoja, dakika tano, kisha kila mtu arudi kazini. Sharti langu ni moja: Mwalimu ukae nje ya mlango.

#28 Mwalimu wa Stadi

Nimekubali, Sista. Jumanne saa nane. Nitawaleta watano, na mdoli nitamjaza maji ya uvuguvugu mwenyewe kabla hatujatoka chuoni.